Kadi za picha inayoinuka na vibahasha vyake vya zawadi: mwongozo kamili

Kadi ya picha inayoinuka, ile ambayo ukiifungua kitu kinasimama katikati yake, huamuliwa na mikunjo. Mapambo yanakuja baadaye, nayo yanasamehe: ukibandika ua mahali pasipo pake, hakuna atakayejua. Mkunjo hausamehe. Ukipotea milimita tatu tu, kadi haifungi, au inafunga huku ncha ya mnara ikichungulia nje. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo, na nakuomba usiiruke kwa haraka ya kufikia rangi na utepe.

Tutatengeneza kadi ya Idi yenye msikiti na minara miwili, kisha kadi yenye jahazi ambayo inafaa harusi, mahafali au kumuaga msafiri, na kibahasha cha kutia kadi ya zawadi ya supamaketi, vocha au noti. Hicho kibahasha kina kazi kubwa kwetu. Mtoto anayepita kudai mkono wa Idi, bibi harusi anayetunzwa, kijana aliyemaliza chuo, wote hupewa fedha iliyokunjwakunjwa kwenye kiganja. Noti hiyohiyo ikitoka ndani ya kibahasha kilichofanana na kadi yake, aliyepewa anaona kwamba ulimfikiria kabla ya siku yenyewe.

Karatasi

Nunua manila. Kwa seti moja ya kadi ya Idi na kibahasha chake, manila mbili za ukubwa wa A4 zinatosha: moja nzito, moja nyepesi kidogo. Nzito iwe kati ya gramu 200 na 250 kwa mita ya mraba. Hiyo ndiyo jalada na kibahasha. Nyepesi iwe gramu 160 hadi 180. Hiyo ndiyo sehemu ya ndani inayokatwa na kuinuka. Karatasi ya kuchapia ya kila siku ni gramu 80. Hiyo inalegea, msikiti utainama kabla haujafika kwa mwenyewe, lakini usiitupe, tutaihitaji kwa majaribio.

Madukani mara nyingi manila huuzwa bila kuandikwa uzito. Mwombe muuzaji kipande, au nunua moja kwanza uipime kwa mkono. Kata ukanda wa sentimita 2 kwa 10, ushike ncha moja ulale hewani. Ukijikunja kuelekea chini, ni laini mno. Kisha ukunje ukanda huo kabisa na ubonyeze kwa ukucha. Rangi ikipasuka na weupe ukatokea kwenye mkunjo, karatasi hiyo ni kavu au nene kupita kiasi kwa sehemu ya ndani. Itumie kwenye jalada tu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ipinde manila nzima taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utapinda kwa urahisi, mwingine utakupinga. Mkunjo unaofuata upande ule rahisi hutoka safi na kadi hulala vizuri ikifungwa. Mkunjo unaokata nyuzi huwa na meno, na kadi hujifungua yenyewe mezani. Panga ukataji wako ili mkunjo mkuu wa katikati, ambao kuanzia hapa nitauita uti, ufuate nyuzi.

Vifaa

Unahitaji rula, ya chuma ikiwezekana, maana kisu hula rula ya plastiki na baada ya muda mistari yako haitanyooka. Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe unaosogezwa, na mkasi mdogo wenye ncha. Boksi nene la kukatia juu yake. Penseli iliyochongwa vizuri, kifutio, na kalamu ya wino iliyokwisha, ambayo ndiyo kifaa chetu cha kuandalia mikunjo. Gundi nyeupe ya mbao kidogo kwenye kifuniko cha chupa, na kijiti cha meno cha kuipakia. Gundi ya kijiti inafaa kubandika jalada pana lakini ni dhaifu kwa sehemu zinazovutwa kila kadi inapofunguliwa. Selotepu ya pande mbili ni nzuri na haina unyevu, ila ukishabandika hakuna kusogeza; kwa anayeanza napendelea gundi nyeupe, kwa sababu inakupa nusu dakika ya kurekebisha.

Kama unafanya kazi na watoto, kisu kibaki kwako. Mkasi unatosha kwa kadi ya kwanza, isipokuwa madirisha ya msikiti; nimeipanga hivyo makusudi.

Namna ya kukunja

Usikunje manila kwa vidole peke yake. Weka rula kwenye mstari, pitisha kalamu iliyokwisha wino mara mbili kwa kukandamiza kiasi, ili karatasi ibonyee bila kuchanika. Kisha kunja kwa kufuata mfereji huo. Mkunjo unaozama ukiutazama nauita wa bonde, unaojitokeza kuja kwako nauita wa mlima. Kila mstari katika kadi hizi ni mmoja kati ya hiyo miwili, na kabla ya kukunja jiulize ni upi.

Kisha fanya kielelezo. Kwa karatasi ya gramu 80, bila rangi wala pambo, tengeneza kadi nzima kwa vipimo vyake halisi, ifungue na kuifunga mara kadhaa. Kama kuna kosa la hesabu litajionyesha hapo, kwenye karatasi ambayo ingekwenda kuwashia jiko.

Hesabu ya kisanduku

Kadi ya Idi inasimama kwa kisanduku, mbinu iliyo rahisi kuliko zote na pia msingi wa kazi kubwa za karatasi moja. Msanifu majengo wa Japani, Masahiro Chatani, aliyeanza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, alijenga majumba kamili kwa kukata na kukunja karatasi moja bila kubandika kitu, na asili yake ni mkato huu tunaoufanya hapa.

Kunja karatasi katikati. Kuanzia kwenye uti, kata mikato miwili iliyo sambamba, yenye urefu ulio sawa. Fungua, kisukume kipande kilicho kati ya mikato kije ndani ya kadi. Kadi ikisimama wazi kwa pembe mraba, kipande hicho kinakuwa kisanduku: kina chake mbele na kimo chake ni sawa na urefu wa mkato. Mkato wa sentimita 3 unatoa kisanduku kilichotoka sentimita 3 na kilichopanda sentimita 3.

Sasa hesabu inayookoa kadi. Ikifungwa, uso wa mbele wa kisanduku hulala kuelekea ukingo wa kadi, kuanzia pale mkato ulipoishia. Kwa hiyo picha yoyote utakayobandika kwenye uso huo, chini yake ikigusa sakafu ya kadi, itafika umbali wa urefu wa mkato ukijumlisha kimo cha picha. Jumla hiyo lazima iwe ndogo kuliko upana wa ukurasa mmoja wa kadi, na ibaki angalau nusu sentimita. Ukurasa wa sentimita 10.2 wenye mkato wa sentimita 3 unabeba picha isiyozidi sentimita 6.7. Ukitaka picha ndefu zaidi, fupisha mkato. Ndiyo maana katika kadi yetu minara, ambayo ni mirefu, inakaa kwenye visanduku vifupi nyuma, na msikiti unatangulia mbele.

Kadi ya Idi, hatua kwa hatua

Kata kila manila ya A4 katikati, upate vipande viwili vya sentimita 21 kwa 14.85. Nusu moja ya nzito ni jalada. Nusu ya pili iweke kando kwa kibahasha. Nusu moja ya nyepesi ipunguze iwe sentimita 20.4 kwa 14.2, hiyo ndiyo ya ndani. Nusu ya mwisho itatoa msikiti, minara na mwezi.

Andaa uti kwenye kipande cha ndani, sentimita 10.2 kutoka kila ukingo mfupi, na ukunje. Karatasi ikiwa imekunjwa, uti ukiwa upande wako, pima kwenye uti kutoka kushoto na utie alama: 2.2, 4.2, 5.6, 8.6, 10 na 12. Kwenye alama za 5.6 na 8.6 chora mistari ya sentimita 3 inayotoka kwenye uti kwa pembe mraba. Kwenye alama nne nyingine chora mistari ya sentimita 1.8. Kata yote kwa mkasi, tabaka zote mbili kwa pamoja. Usizidishe hata kidogo. Mkato uliopita alama yake utaonekana kama tundu pembeni ya kisanduku, na ukipungua rula itakuonyesha, utaongeza.

Fungua karatasi. Kwa rula na kalamu iliyokwisha, unganisha miisho ya kila jozi ya mikato, juu na chini ya uti. Hiyo ni mistari sita ya mikunjo, miwili kwa kila kisanduku. Yote sita ni ya bonde. Uti wenyewe unabaki wa bonde kila mahali isipokuwa ndani ya visanduku, ambako unageuka kuwa wa mlima. Ingiza kidole nyuma ya kisanduku cha kati, kisukume mbele taratibu huku unafunga kadi nusu, kifuate mkunjo wake mpya. Fanya vivyo hivyo kwa viwili vya pembeni. Kisha funga kadi kabisa na upitishe mgongo wa kijiko juu yake. Ukifungua, visanduku vitatu vinasimama.

Chora msikiti kwenye nusu ya nyepesi: upana sentimita 6, kimo sentimita 6.5 hadi kilele cha kuba. Minara miwili, upana sentimita 1.5, kimo 7.5. Piga hesabu uone: msikiti, 3 na 6.5 ni 9.5, mnara, 1.8 na 7.5 ni 9.3. Zote ziko chini ya 9.7. Madirisha yenye vilele vya upinde kata kwa ncha ya kisu kabla hujatoa umbo lote, maana kipande kikubwa kinashikika vizuri zaidi. Nyuma ya madirisha bandika kipande cha karatasi ya njano au ya dhahabu, ili mwanga uonekane unatoka ndani.

Anza kubandika minara. Paka gundi kwenye uso wa mbele wa kisanduku peke yake, filamu nyembamba, na usawazishe chini ya mnara na mkunjo wa chini wa kisanduku. Gundi ikivuka mkunjo ikafika sakafuni au juu ya kisanduku, kadi imefungika milele. Kisha msikiti kwenye kisanduku cha kati. Mwezi mwandamo bandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa nyuma, juu kidogo ya kuba na pembeni, si katikati. Ukiwa pembeni macho yanapanda kutoka mlangoni hadi mbinguni bila kukwama.

Maandishi ya Qur'ani au jina la Mwenyezi Mungu mimi siyaandiki kwenye kadi hizi, kwa sababu kadi huishia kwa watoto na sakafuni. Idi Mubarak inatosha, na nafasi yake nzuri ni sakafu ya kadi, mbele ya msikiti.

Mwisho wa yote, jalada. Likunje katikati kwa uti wake. Geuza kadi ya ndani, paka gundi nyuma ya ukurasa mmoja, kandokando na kwenye maeneo mapana, ukiepuka kabisa sehemu za visanduku. Ibandike ndani ya jalada, uti juu ya uti, ukiacha mpaka ulio sawa pande zote. Kisha ifunge kadi ya ndani juu ya ukurasa huo, paka gundi mgongoni mwa ukurasa wa pili, na ufunge jalada juu yake. Usijaribu kubandika kurasa zote mbili kadi ikiwa imelala wazi. Jalada na kadi ya ndani zina unene, na zikibandikwa zikiwa wazi zitavutana ukifunga, upande wa ndani utajikunja mawimbi.

Weka chini ya vitabu vizito kwa muda. Pwani, hasa msimu wa mvua, gundi nyeupe hukauka polepole kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo acha ilale usiku kucha kabla ya kuifungua.

Kadi ya jahazi

Kadi ya kisanduku hupendeza ikisimama nusu wazi. Ukitaka picha isimame kadi ikiwa imelazwa wazi kabisa mezani, tumia mkunjo wa pembe: kipande kilichokunjwa katikati, ambacho miguu yake miwili imebandikwa kwa mshazari, mmoja kila upande wa uti. Nimechagua jahazi kwa sababu mkunjo wa katikati wa kipande ndio unaokuwa omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, na omo hilo linakuja moja kwa moja kwa mpokeaji.

Chukua manila nzito ya sentimita 21 kwa 14.85, ikunje iwe kurasa za sentimita 10.5. Hapa hakuna mikato, kwa hiyo tabaka moja linatosha. Ilaze wazi, uti ukitoka kwako kwenda mbele. Kutoka ukingo ulio karibu nawe, tia alama kwenye uti kwenye sentimita 5.5 na sentimita 7. Kutoka kila alama chora mistari miwili inayokwenda mbele, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja kwa nyuzi 45 kutoka kwenye uti. Huna kipimapembe? Kunja kona ya karatasi yenye pembe mraba kati kwa kati, umepata nyuzi 45 kamili.

Mwili wa jahazi ni ukanda wa sentimita 12 kwa 3, ukiongeza ulimi wa gundi wa sentimita 0.8 chini. Ukunje katikati, mkunjo wa mlima. Tanga ni kipande cha sentimita 8 kwa 8, nacho kina ulimi wa sentimita 0.8 chini; mkunjo wake wa katikati ndio mlingoti. Andaa mkunjo wa ndimi, kisha zikate katikati ili kila nusu iwe na ulimi wake, na kata kona za ndani za ndimi kwa mshazari wa nyuzi 45. Kona hizo zisipokatwa zitavuka uti na kuzuia kadi kufunga. Ni kosa dogo linaloharibu kazi nyingi nzuri.

Tanga la jahazi ni la pembe tatu, kwa hiyo lichore hivyo: foromali, yaani mti unaobeba tanga, inaanza chini upande mmoja, inapita mlingoti kwa mshazari na kupanda hadi kilele upande wa pili. Sentimita 1.5 za chini usizikate, ziache kwa upana wote wa sentimita 8, kwa sababu ndizo zinazoshika sakafu, na mwili wa jahazi utazificha. Chora mistari myembamba ya mishono ya tanga kwa penseli. Mwili, utie mstari wa rangi karibu na ukingo wa juu, mwinuko kidogo kwenye omo.

Kuna hesabu hapa pia. Kwa pembe ya nyuzi 45, jumlisha nusu ya upana wa kipande na kimo chake, zidisha kwa 0.7. Jibu lisizidi upana wa ukurasa. Mwili: 6 na 3 ni 9, mara 0.7 ni 6.3. Tanga: 4 na 8 ni 12, mara 0.7 ni 8.4. Ukurasa wetu ni 10.5, tuko salama. Na kwa kuwa kipande hiki kikifungwa huangukia upande wa omo, zidisha kimo peke yake kwa 0.7 uone kinahitaji nafasi gani kwenye uti mbele yake: tanga linahitaji 5.6, nasi tumeliweka kwenye 7.

Sasa ubandikaji, na hapa ndipo kadi hujirekebisha yenyewe ukiiruhusu. Anza na tanga. Paka gundi chini ya ulimi wa kushoto tu. Uweke kwenye mstari wa kushoto wa alama ya 7, ulimi ukielekea ndani ya pembe, yaani mbali nawe, mkunjo wa mlingoti ukiwa juu ya uti kabisa. Subiri ushike. Kisha lifunge tanga, nusu ya kulia ilale juu ya nusu ya kushoto, na ulimi wa kulia unyooke juu ya mwenzake. Paka gundi kwenye ulimi huo wa kulia, upande unaokutazama, na ufunge kadi. Bonyeza. Ukurasa wa kulia utauchukua ulimi mahali hasa unapotakiwa, hata kama mstari wako wa kulia ulipotoka kidogo. Fungua, tanga limesimama. Rudia kwa mwili wa jahazi kwenye alama ya 5.5.

Bahari ni ukanda wa karatasi ya bluu uliochanwa kwa mkono, siyo kukatwa. Weupe wa nyuzi zilizochanika unakuwa povu. Ubandike sakafuni pembeni mwa mwili, usivuke uti. Kama lazima uvuke, ukate vipande viwili.

Kibahasha cha zawadi

Kadi za zawadi za madukani hufuata kipimo cha kadi ya benki: milimita 85.6 kwa 54. Kipimo hicho ni cha kimataifa, kwa hiyo kibahasha kimoja kinafaa kadi karibu zote za plastiki.

Chukua ile nusu ya manila nzito uliyoweka kando, uikate iwe sentimita 13 kwa 18. Isimamishe kwa urefu. Kutoka chini pima sentimita 4, uchore mstari wa kulala: hapa chini ni mfuko. Pima nyingine 7: huo ni ukurasa wa ndani. Saba zilizobaki juu ni jalada la kibahasha. Kisha kwenye kila upande wa kushoto na kulia chora mstari wa kusimama, sentimita 1 kutoka ukingoni. Zile sentimita 1 za pembeni kata uzitupe kwenye ukurasa wa ndani na kwenye jalada, zibaki kwenye mfuko peke yake kama ndimi za gundi. Umbo lako sasa ni upana wa sentimita 11, na masikio mawili madogo chini. Punguza kona za masikio kwa mshazari.

Andaa na ukunje: masikio kwenda ndani, mfuko juu ya ukurasa wa ndani, jalada juu ya mfuko. Kabla ya kubandika, kata nusu duara ya kidole katikati ya ukingo wa juu wa mfuko. Sarafu inatosha kuwa kiolezo. Paka gundi kwenye masikio yakiwa yamekunjwa, upande unaotazama ukurasa wa ndani, na ufunge mfuko. Kati ya masikio inabaki nafasi ya sentimita 9, kadi ya sentimita 8.56 inaingia bila kusukumwa na haichezi. Kwa kuwa mfuko ni wa sentimita 4, kadi inatokeza sentimita 1.4 juu, na mpokeaji anaona mara moja amepewa nini.

Kwa noti, ikunje kati, halafu kati tena, na uipime kabla. Noti mpya inayotoka benki inakaa vizuri zaidi, nayo kwa mkono wa Idi ndiyo wanayoipenda watoto.

Tumebakiwa na nafasi juu ya kadi, karibu na mkunjo wa jalada. Hapo weka kisanduku kidogo, ili kibahasha nacho kiinuke kama kadi yake. Usikate jalada, matundu yataonekana kwa nje; bandika ukanda. Kata sentimita 4 kwa 1.5, uandae mikunjo kwenye 0.8, 2 na 3.2. Mikunjo yote mitatu ni ya mlima, na vipande vya 0.8 ni ndimi za gundi. Bandika ulimi mmoja kwenye ukurasa wa ndani na mwingine kwenye jalada, mikunjo yake ya pembeni ikiwa sentimita 1.2 kutoka mkunjo wa jalada kila upande, ndimi zikielekea kwenye mkunjo. Kwenye uso wa mbele bandika mwezi wa sentimita 2.5, au jahazi dogo, kutegemea kadi.

Kuvifananisha

Kurudia picha ileile kubwa na ndogo ni mwanzo, lakini kinachounganisha seti zaidi ni kitu kimoja kinachopita kwenye vyote viwili. Mimi napenda ukanda wa khanga au kitenge. Kata pindo la khanga upana wa sentimita 2, lipige pasi, paka gundi nyeupe iliyotandazwa nyembamba kwenye manila, kamwe si kwenye kitambaa, na ulilaze kwa kulivuta kidogo. Gundi ikizidi itapenya na kuacha madoa yasiyotoka. Kitambaa kikikauka, kata kingo kwa kisu kipya. Ukanda uleule uuweke ukingoni mwa jalada la kadi na ukingoni mwa jalada la kibahasha. Rangi zisizidi tatu kwa seti nzima, mojawapo ikiwa ya khanga yenyewe.

Kumetameta za kumwaga naziepuka. Zinaingia kwenye mikunjo, na kadi iliyofungwa inazisaga hadi rangi inachubuka.

Kibahasha usikifungie ndani ya kadi. Unene wake utaukandamiza msikiti, na ukifika umelala hautainuka vizuri. Kifunge nyuma ya jalada kwa utepe mwembamba unaozunguka kadi, au kipe ulimi wa karatasi mgongoni mwa kadi wa kukichomeka.

Kadi ikikataa

Ikiwa haifungi mpaka mwisho, tafuta gundi iliyovuka mkunjo, au kona ya ulimi iliyopita uti. Pitisha ncha ya kisu taratibu kabla gundi haijakauka kabisa. Picha ikichungulia nje, punguza juu. Usijaribu kuukunja upya msingi. Msikiti ukiinama upande mmoja, mikato yako miwili hailingani, na dawa ni kubandika kipande cha manila kilichonyooka nyuma ya uso wa kisanduku. Kadi ikijifungua yenyewe, uti unakata nyuzi: pitisha kalamu tena kwa ndani na uilaze chini ya vitabu siku moja zaidi.

Bahasha ya kawaida ya C6, milimita 114 kwa 162, inapokea kadi hizi zote mbili. Ikiwa ni ya kupitia posta au basi, tia kipande cha boksi jembamba mbele ya kadi, bahasha isipinde njiani, na kibahasha chenye fedha mpe mtu wa kukupelekea kwa mkono.

Ukipata oda ya kadi nyingi, kwa mfano za harusi, hamisha alama zote za mikato na mikunjo kwenye kiolezo kimoja cha boksi gumu, utoboe miisho ya mistari kwa sindano. Weka kiolezo juu ya manila, choma sindano kwenye kila tundu, ondoa, na unganisha vitone kwa rula. Kata zote kwanza, kisha andaa mikunjo ya zote, kisha bandika zote. Mkono ukikaa kwenye hatua moja kadi zinatoka zimefanana.